Siku 90 za kwanza: daftari la usultani na watoto wa Kipese, Butembo na Beni

KIPESE, LUBERO – Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto wake aliyezaliwa, bila kulipa hata franka moja. Siku ya 91 mambo yanabadilika. Afisa wa usajili hana tena ruhusa ya kuandika jina hilo peke yake, mpaka hakimu atoe hukumu. Kwa familia inayolima kwenye vilima vya Kipese, teritware ya Lubero, tofauti ya siku hiyo moja ni safari ya kwenda mahakamani, karatasi za kujaza na pesa ambazo mara nyingi nyumbani hazipo.

Mamlaka za mitaa zina majukumu mengi kwa watoto, lakini mengi kati ya hayo wanayashika kwa mkono mmoja tu. Walimu wa shule za serikali wanalipwa na Kinshasa, na shule nyingi zinaendeshwa na makanisa kwa mapatano na serikali. Chanjo zinasimamiwa na zoni za afya. Polisi na wanajeshi wana wakubwa wao. Daftari la watoto wanaozaliwa ni jambo tofauti. Hilo liko mikononi mwa komine mjini na mwa usultani kijijini, na likifanya kazi vibaya hakuna wa kumsingizia.

Nani anashika daftari

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za mitaa inataja aina nne za mamlaka hizo: mji, komine, sekta, na usultani, ambao katika karatasi za serikali huitwa chefferie. Butembo ina komine nne, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni nayo ina nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Teritware ya Lubero, iliko Kipese, ina usultani tatu, Baswagha, Batangi na Bamate, pamoja na sekta ya Bapere.

Kila komine, kila sekta na kila usultani inapaswa kuwa na ofisi kuu ya usajili wa raia, ile ambayo wananchi wengi wanaiita etasivili. Mjini afisa wake ni bugumesta. Kijijini ni mwami au mkuu wa sekta, au mtu aliyepewa kazi hiyo kwa niaba yake. Sheria inaruhusu pia ofisi ndogo zifunguliwe mbali na makao makuu ili wananchi wasitembee safari ndefu.

Ruhusa hiyo ni muhimu sana kwa Lubero. Mjini Butembo mtu anaweza kupanda pikipiki na kufika komine ndani ya muda mfupi. Usultani mmoja wa Lubero unakusanya vijiji vingi vilivyotawanyika milimani, na mvua ikinyesha baadhi ya njia hazipitiki hata kwa pikipiki. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita hawezi kuambiwa abebe mtoto mgongoni siku nzima kwa ajili ya karatasi ambayo hajawahi kuona faida yake.

Watoto wangapi hawajaandikwa

Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 7 cha mkataba huo kinasema mtoto aandikishwe mara tu baada ya kuzaliwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto ilirudia haki hiyo na kusema usajili ni wa bure.

Matokeo yamekuwa ya polepole. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 25 tu ndio walikuwa wameandikishwa. Uchunguzi mwingine wa nchi nzima wa mwaka 2017 na 2018 ulipata watoto 40 kati ya 100. Hatua imepigwa, lakini bado wengi wa watoto wa nchi hii walikuwa hawamo katika daftari lolote la serikali.

Sehemu ya tatizo ni kwamba wazazi wengi wanaamini wamekwisha kuandikisha. Mtoto akizaliwa maternite, mkunga anatoa karatasi yenye tarehe, saa na uzito. Hiyo ni hati ya hospitali, inayothibitisha kwamba mtoto amezaliwa pale. Baadaye familia inaweza kupewa na ofisi fulani karatasi nyingine, atestasioni ya kuzaliwa, hasa shule inapoiomba. Akti ya kuzaliwa ni kitu cha tatu. Ndiyo inayotoka katika daftari la usajili wa raia, ina namba yake, na ndiyo hakimu anayoitegemea kwanza anapotafuta umri na uzazi wa mtoto. Familia inaweza kuwa na mbili za kwanza zimekunjwa vizuri sandukuni na bado mtoto akawa hajulikani na taifa.

Vita vinapouliza umri

Mahali penye amani, mtoto asiye na akti anaweza kukua miaka mingi bila mtu kuuliza. Kivu Kaskazini si mahali pa namna hiyo. Huku swali la umri linaulizwa na watu wenye silaha, na wapelelezi, na mahakimu, na wazee wanaopanga mahari.

Sheria ya 2009 inasema anayemwandikisha jeshini au kumtumia mtoto wa chini ya miaka 18 katika kikundi chenye silaha anaadhibiwa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Sheria hiyo hiyo inasema mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na wa miaka 14 hadi 18 anapelekwa mbele ya mahakama ya watoto. Ndoa kabla ya miaka 18 hairuhusiwi, kwa mvulana na kwa msichana. Ulinzi wote huo unaanza na tarehe ya kuzaliwa.

Kijana akikamatwa barabarani akishukiwa kuwa na kikundi fulani, akti inayosema ana miaka 15 inambadilishia njia. Badala ya kuwekwa na watu wazima, anatakiwa kukabidhiwa kwa huduma za watoto. Bila karatasi hiyo, watu wanakadiria kwa macho: urefu, sauti, ndevu. Ni kweli sheria inasema panapokuwa na mashaka mtu ahesabiwe kuwa ni mtoto. Lakini kanuni hiyo inafanya kazi mbele ya hakimu, na watoto wengi wanahitaji kulindwa muda mrefu kabla ya kumfikia hakimu.

Msichana naye yuko katika hali hiyo hiyo. Familia zikishapatana kumwoza akiwa na miaka 16, mtu anayetaka kuzuia ndoa hiyo anahitaji kuonyesha tarehe. Na kwa kuwa kwa miaka mingi kadi ya mpigakura ndiyo imetumika nchini kama kitambulisho, kijana aliyepewa kadi kwa umri wa kukadiria anaweza kugeuzwa mtu mzima kabla ya wakati, bila akti ya kumrudisha utotoni.

Kuhama kwa watu kumeongeza uzito wa jambo hili. Mji mdogo wa Kanyabayonga ulipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, maelfu ya familia za kusini mwa Lubero zilifuata barabara ya taifa namba 2 kuelekea kaskazini, kwenda Lubero na Butembo. Huko Beni na vijiji vinavyoizunguka, mashambulizi ya ADF yamehamisha watu mara kwa mara tangu 2014. Watoto wanazaliwa katika familia za wageni, katika shule zilizogeuzwa makao, au njiani. Sheria inaruhusu mtoto aandikishwe mahali alipozaliwa au mahali wazazi wanapokaa, kwa hiyo mama aliyekimbia kutoka Kayna hahitaji kurudi Kayna. Wengi hawajaambiwa hivyo.

Siku nane zinazopotea

Kuna hesabu moja ambayo kila mwami na kila bugumesta angeweza kuibandika ukutani.

Kalenda ya chanjo ya Kongo inamtaka mtoto apelekwe kituo cha afya anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi anarudi kituoni karibu tarehe 12 Aprili, halafu tarehe 10 Mei, halafu tarehe 7 Juni. Siku yake ya 90 ni tarehe 30 Mei. Maana yake ni kwamba mama anayefuata chanjo anafika mbele ya mfanyakazi wa serikali mara tatu, pamoja na siku ya kujifungua, wakati akti bado ni ya bure na bado haihitaji hakimu. Mara ya nne anachelewa kwa siku nane.

Daftari na mama wanapishana kwa sababu viko katika majengo mawili tofauti. Mama yuko kituo cha afya, daftari liko ofisi ya usultani. Afisa mmoja wa usajili akipelekwa na daftari lake katika kituo cha afya siku ya chanjo, mara moja au mbili kwa mwezi, watoto wengi wataandikwa bila mzazi kuongeza hata safari moja. Zoni za afya za eneo hili, kama Lubero, Masereka, Musienene, Katwa, Butembo na Beni, tayari zina vituo vyenye siku maalumu za chanjo na za kupima uzito wa watoto. Ratiba ipo, na watu wanaijua.

Wako watoto ambao njia hiyo haitawafikia: wale wanaozaliwa nyumbani na wasiopelekwa kwenye chanjo. Hao wanajulikana na mkuu wa kijiji, na mshauri wa afya wa jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Mkuu wa kijiji hana mamlaka ya kutoa akti, lakini anaweza kushika daftari dogo la majina na tarehe na kulipeleka ofisini kila mwezi, ili afisa ajue aende wapi kabla ya siku kwisha.

Kazi ambayo eneo hili lilikwisha kuifanya

Atakayesema kufuata majina ya watu katika milima hii haiwezekani atajibiwa na historia ya karibuni. Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, wengi wao katika zoni za Beni, Butembo na jirani zake. Katika muda huo, kila mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa alitakiwa kuandikwa jina na kufuatwa siku 21. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kazi hiyo ilifanyika vijana wakirushiwa mawe, vituo vikichomwa moto na barabara zikifungwa.

Wakati huo huo watoto walipata huduma ambayo eneo halikuwahi kuwa nayo. Kando ya vituo vya matibabu mjini Beni na Butembo, UNICEF na washirika wake walifungua makao ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamefariki. Walezi walikuwa watu waliopona Ebola. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, waliweza kumbeba na kumlisha mtoto ambaye hata shangazi yake hakuruhusiwa kumgusa.

Huduma hizo zilikuja na pesa za nje na zikaondoka na ugonjwa. Kilichobaki ni watu waliojifunza kuandika majina, kuhesabu siku na kurudi nyumba ileile kesho yake. Kumfuata mtoto mchanga kwa siku 90 ni kazi nyepesi kuliko ile, na haihitaji nguo za kujikinga.

Jirani walivyofanya

Tanzania nayo ilikuwa na shida ya namna hii. Vyeti vilitolewa katika ofisi ya wilaya, mzazi alilipa ada, na alitakiwa kufika zaidi ya mara moja. Mwaka 2013, kuanzia mkoa wa Mbeya, wakala wa usajili wa nchi hiyo, RITA, uliushusha usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano mpaka kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Cheti kikaandikwa kwa mkono papo hapo, ada ikaondolewa, na taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi. Mpango huo ukapelekwa katika mikoa mingine baadaye.

Mbeya pia ni nchi ya milima, viazi na vijiji vilivyo mbali na ofisi. Yaliyoleta mabadiliko ni matatu: karatasi ilitoka pale mtoto alipo, ilitoka siku hiyo hiyo, na ilitoka bure. Kwa Lubero, mawili ya kwanza yanategemea uamuzi wa usultani. La tatu liko tayari katika sheria.

Pesa, na nani anauliza

Viongozi wa mitaa hujibu kwamba hawana pesa, na jibu hilo lina ukweli ndani yake. Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba mamlaka za mitaa zina haki ya asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Malalamiko kwamba fungu hilo halifiki lote wala kwa wakati yamesikika nchi nzima kwa miaka mingi. Kivu Kaskazini ina mzigo wa ziada. Tangu Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo inayoongozwa na Meja Jenerali Évariste Somo Kakule imehamia Beni, na sehemu kubwa ya kodi za jimbo iko nje ya mikono yake.

Jambo la pili ni kwamba hakuna baraza lililochaguliwa la kuuliza. Sheria inataja baraza la komine na baraza la usultani, lakini uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulifanyika katika komine za miji mikuu ya majimbo peke yake. Butembo, Beni na usultani za Lubero hazikuhusika. Tena, tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura, na mameya wa Butembo na Beni ni maafisa wa polisi. Mwananchi asiyeridhika na ofisi ya usajili hana diwani wa kumpelekea shauri lake.

Hata hivyo daftari linagharimu kidogo ukilinganisha na shule au barabara. Linahitaji vitabu rasmi vya akti, mafuta ya pikipiki, posho ya afisa na sanduku linalofungwa. Na kuna njia ya kuwajibisha ofisi bila baraza. Kila mwisho wa mwezi, ofisi inaweza kubandika mlangoni namba mbili: watoto waliozaliwa katika maternite za eneo lake, na watoto walioandikwa kwenye daftari lake. Namba ya kwanza ipo kwenye ripoti za zoni ya afya. Ya pili iko mezani kwa afisa. Zikiwa mbalimbali sana, kila mtu anayepita ataona.

Namba hizo zingesaidia huduma nyingine pia. Tangu shule ya msingi ya serikali ifanywe bure mwezi Septemba 2019, madarasa mengi yamefurika. Anayejua leo ni watoto wangapi wamezaliwa katika kijiji fulani anajua ni madawati mangapi yatatakiwa baada ya miaka sita. Asiyejua atasubiri mpaka watoto wakae chini.

Kwa watoto waliokwisha kupita siku 90, dawa ni hukumu ya mahakama. Mahali pengi nchini mahakimu wamekuwa wakitoka mjini na kusikiliza kesi za watoto wengi kwa pamoja vijijini, na hukumu zikapelekwa kwa afisa wa usajili. Usultani unaweza kuomba kikao cha namna hiyo na kuandaa orodha ya majina mapema. Na kwa eneo ambalo ofisi zinaweza kuchomwa au kukimbiwa usiku mmoja, nakala ya daftari ihifadhiwe mahali pengine palipo salama. Mtoto aliyeandikwa mara moja asipotee mara ya pili.

Mzazi afanye nini

Baba au mama aende ofisi ya usajili ya komine, sekta au usultani anakokaa au mtoto alikozaliwa, kabla siku 90 hazijaisha. Abebe karatasi ya maternite kama ipo, na kitambulisho chake. Wazazi wakishindwa, ndugu wa karibu au aliyemzalisha mama anaweza kutangaza kuzaliwa kwa mtoto. Aombe akti ya kuzaliwa, kwa jina hilo, na asiondoke na karatasi nyingine akidhani ni hiyo. Asome jina na tarehe kabla ya kutoka, maana kosa dogo la herufi linarekebishwa kwa shida baadaye. Ndani ya siku 90 hakuna malipo. Na akikimbia vita, akti iwe kati ya vitu vya kwanza kuingia mfukoni.